Haki za wanawake kazini zianzie kwenye daftari la kijumbe

Ndugu Mhariri,

Kila Machi 8 ikikaribia, mafundi cherehani wa Dar es Salaam hawalali. Vitenge vya sare vinakatwa, fulana zinachapwa, mabango yanaandikwa. Maandamano yana faida yake na hatuyapingi. Ila ikifika Machi 9, mwanamke anayefungasha bidhaa kiwandani Mabibo, Chang'ombe au Vingunguti anarudi kwenye meza ile ile, kwa supavaiza yule yule. Haki anazonyimwa pale si za kwenda kuziomba Dodoma. Zimo ndani ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, na nyingi zimeandikwa kwa tarakimu kabisa. Zinampotea kwa sababu siku zimepita na karatasi haipo.

Chombo cha kuziba pengo hilo kipo tayari karibu kila mahali wanapofanya kazi wanawake kumi na kuendelea, ila hakijapewa kazi hiyo. Chombo chenyewe ni mchezo.

Hakuna msomaji wa Dar asiyeujua mchezo, lakini tuutazame upya. Wanawake ishirini wa zamu moja wanatoa 2,000 kila mmoja kwa siku. Leo huyu anapokea 40,000, kesho yule. Kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo, ana daftari: nani katoa, nani kachelewa, nani kapokea, tarehe gani. Mwanasheria hayupo, mkataba haupo, na fedha zinafika kwa mwenyewe. Maana yake ni kwamba hapo tayari kuna watu wanaoaminiana, mtu mmoja wa kumwendea, saa ya kuonana na mazoea ya kuandika. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake wa mji huu TANU, chama kilichodai uhuru, alipita kwenye vikundi vya ngoma, yeye mwenyewe akiwa mwimbaji anayejulikana wa kikundi cha Bomba. Alizungumza na wanawake ambao tayari walikuwa na viongozi wao na siku zao za kukutana. Njia hiyo bado inapitika.

Basi kijumbe aongeze daftari la pili. Liwe kaunta buku iliyoshonwa, si karatasi za kuchana, maana karatasi huchomoka na mbishi atasema zimeongezwa baadaye. Kila tukio liandikwe siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, maneno kama yalivyotamkwa, nani alikuwepo, halafu sahihi ya aliyetendewa. "Ananisumbua" haisaidii kitu mbele ya msuluhishi wa migogoro ya kazi. "Jumanne saa 9:20 alasiri, mlango wa stoo, alisema mkataba wangu utaongezwa nikikubali kukutana naye Sinza" inasaidia sana. Daftari lisilale kabatini kiwandani. Likae nyumbani, na kila Jumamosi watu wawili wapige picha kurasa mpya. Kila mmoja akiongeza 500 kwa wiki juu ya mchezo, watu ishirini wana 40,000 kwa mwezi. Zinatosha fotokopi, nauli, na kufidia siku ya shahidi aliyekwenda kutoa maelezo, kwa sababu kibarua akikosa zamu hana ujira, na mashahidi wengi huingia mitini kwa jambo hilo tu.

Tuanze na ujauzito, ndiko wengi wanakoumizwa. Sheria inamtaka mfanyakazi ampe mwajiri taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Wengi humwambia supavaiza kwa mdomo. Supavaiza anahamishwa, afisa utumishi anasema hana habari, na mama anaandikwa mtoro. Barua ya mistari minne inatosha:

"YAH: TAARIFA YA LIKIZO YA UZAZI. Mimi ni mfanyakazi wa kitengo cha kufungasha tangu (tarehe). Natarajia kujifungua (tarehe). Naomba likizo ya uzazi ya siku 84 kuanzia (tarehe). Nimeambatisha cheti cha daktari."

Zitolewe nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa au inasainiwa kwenye kitabu cha dispachi, na hiyo ndiyo ya kutunza. Mapokezi wakikataa, na hukataa, itumwe kwa rejesta Posta na stakabadhi ibandikwe kwenye daftari la kijumbe. Picha ya WhatsApp kwa meneja iwe nyongeza tu.

Siku 84 ni za malipo kamili, na ni 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Likizo inaweza kuanza wakati wowote ndani ya wiki nne kabla ya tarehe ya matazamio, na mama harudi kazini kabla ya wiki sita tangu kujifungua isipokuwa daktari amethibitisha kwamba anaweza. Miezi miwili kabla ya matazamio, na miezi miwili baada ya kujifungua, hapangwi zamu ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Ziko ofisi zinazozichota siku hizo kwenye likizo ya mwaka, mama akirudi anaambiwa ameimaliza. Hilo halikubaliki: siku 28 za mwaka zinasimama peke yake.

Hapa ndipo unapoingia mtego wa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mwajiri husema, na husema kwa kujiamini, kwamba asiyetimiza miezi sita hana likizo ya malipo. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mfanyakazi aliyeajiriwa zaidi ya mara moja na mwajiri yule yule ndani ya mwaka anastahili likizo ya malipo ikiwa jumla ya vipindi vyake imezidi miezi sita katika mwaka huo. Mikataba mitatu ya miezi mitatu ni miezi tisa. Kwa hiyo mkataba uliokwisha usitupwe wala usirudishwe ofisini "kwa kumbukumbu". Upigwe picha siku ya kusainiwa, kurasa zote. Kwa asiyepewa mkataba wowote, na hao ndio wengi Kariakoo, ajue kuwa mwajiri analazimika kumpa maelezo ya ajira kwa maandishi anapoanza kazi, na mwajiri akishindwa kuyaonyesha kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira ni wake. Hata hivyo kitambulisho cha geti, miamala ya mshahara kwenye simu na taarifa ya michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, vitunzwe. Taarifa ya NSSF iangaliwe kila baada ya miezi mitatu; wapo wanaokatwa kila mwezi na michango haifiki.

Kunyonyesha tulitolee nafasi zaidi, maana hata vyama vya wafanyakazi hulipita haraka. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kwenye karatasi ni haki nzuri. Sasa mchukue mama anayefanya kazi Mabibo na kuishi Mbagala. Saa mbili hazimfikishi nyumbani, achilia mbali kumrudisha. Haki ipo, maziwa yanavuja kwenye nguo, mtoto anapewa uji kabla ya miezi sita. Kikundi kisidai "saa za kunyonyesha" kwa jumla. Kidai mpangilio unaotumika. Ipo mipango mitatu inayowezekana. Wa kwanza ni kuzigawa saa mbili, mama aingie saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema, na iandikwe kwenye ratiba ya zamu ili mlinzi wa geti asimwandike mchelewaji. Wa pili ni mtoto kuletwa na dada au bibi, na hapo pahitajike kivuli na benchi ndani ya geti, si kusimama juani barabarani. Wa tatu ni chumba cha kukamulia maziwa.

Chumba hicho si cha gharama. Kinataka komeo la ndani, pazia, kiti chenye mgongo, maji yanayotiririka na sabuni, soketi, na friji ndogo. Kila chombo kiandikwe jina, tarehe na saa. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa kama saa nne kwenye joto la nyuzi 25, na Dar ya Januari inazidi hapo, kwa hiyo bila friji yatumike mapema zaidi au yawekwe kwenye kibebeo chenye barafu, ambamo hukaa hadi saa 24. Vyumba vingi vya namna hii hufa kwa sababu mbili. Ufunguo unashikwa na supavaiza mwanaume, ikawa kila safari ni kuomba. Na baada ya miezi michache kinageuzwa stoo ya maboksi. Ufunguo ukae kwa mwanamke wa zamu, na friji isiwekwe soda za ofisi. Saa hizo mbili haziondoi mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo.

Kwenye malipo, kinachowashinda wengi ni kulinganisha. Mwanamke analipwa kwa katoni, mwanaume kwa mwezi, kila mmoja anaona hawalinganishiki. Wanalinganishika. Jedwali la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa saa 45 za wiki, yaani takriban 195. Mwenye 390,000 kwa mwezi analipwa 2,000 kwa saa. Anayefungasha katoni 150 kwa siku kwa shilingi 80 anapata 12,000. Gawa kwa saa tisa, ni kama 1,333. Sasa weka kazi zenyewe ubavuni: ujuzi, nguvu, wajibu, joto na vumbi. Sheria inazungumzia kazi yenye thamani sawa, kwa hiyo majina ya kazi yasiwapumbaze. Mara nyingi mwanaume anaitwa "opereta" na mwanamke "msaidizi" kwenye mashine ile ile. Kila siku mwanamke aliposhika mashine kwa sababu opereta hayupo, iandikwe. Kwa yule wa 2,000 kwa saa, saa ya ziada ni 3,000, kwa sababu ni mara moja na nusu, na kila saa ya usiku inaongezewa asilimia 5, yaani shilingi 100.

Barua ya kwanza ya kikundi isiwe ya shutuma. Iwe ya kuuliza. Sheria inamtaka mwajiri awe na mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi, na ausajili kwa Kamishna wa Kazi. "Tunaomba nakala ya mpango huo na tarehe uliposajiliwa." Sentensi moja, sahihi ishirini, muhuri wa kupokelewa. Ofisi isiyojibu imeacha ushahidi wa ukimya wake. Na likifika kwenye shauri, mfanyakazi akishaonyesha dalili za wazi za ubaguzi, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba haukutokea.

Udhalilishaji wa kingono kazini ni sehemu ya ubaguzi kwa sheria hiyo hiyo. Mkubwa anayetaka ngono ili atoe ajira, zamu au mkataba anafanya rushwa ya ngono, kosa lililomo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU wanapokea simu bure kwa 113. Ujumbe wa simu usifutwe, na simu yenyewe itunzwe, si picha ya skrini tu. Usisambazwe kwenye magrupu. Tunajua hasira inavyosukuma, lakini ujumbe ukishazagaa mtuhumiwa hupata pa kushikia, na aliyeonewa hujikuta akijibu maswali ya Sheria ya Makosa ya Mtandao. Penye shambulio la mwili, twende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, siku hiyo hiyo. Kwa aliyebakwa, hospitali kwanza: dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo salama. Asioge kabla ya kuonwa na daktari, na nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye nailoni zinaoza na ushahidi nao.

Sasa kuachishwa kazi, ambako siku ndizo zinazoua. Anayedai kuachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Migogoro mingine, pamoja na ubaguzi na mishahara isiyolipwa, ni siku 60. Jumamosi na Jumapili zimo. Danadana ya "njoo Jumatatu, bosi yuko safari" ikipigwa mara nne, siku 28 zimeliwa. Kijumbe aandike tarehe ya barua ya kuachishwa kwa wino mwekundu, na siku ya 20 mhusika awe CMA hata kama mazungumzo bado yanaendelea. Kufungua hakuzuii kuelewana. Aliye chini ya miezi sita hawezi kudai kuachishwa isivyo halali, lakini dai la ubaguzi linabaki wazi kwake. Hapo wengi hukata tamaa bure.

Fomu ni CMA Na. 1 na hailipiwi. Mwajiri anapewa nakala kwanza, anasaini kupokea, ndipo fomu na uthibitisho huo vinapelekwa Tume. Sehemu B inajazwa na walioachishwa kazi tu. Kosa linaloangusha mashauri mengi ni jina la mwajiri. Jina kwenye bango la duka mara nyingi silo lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Tafuta kwenye leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani, mkataba, au taarifa ya NSSF. Walioletwa na wakala wa ajira waangalie nani alisaini mkataba. Na fomu ya "nimelipwa haki zangu zote" isisainiwe mlangoni kwa njaa ya siku hiyo. Anayelazimika kuchukua fedha aandike kwa mkono juu ya sahihi yake: "Nimepokea kiasi hiki, sikubali kuwa ni malipo yote."

Mchezo una kikomo chake. Hauwezi kujadiliana mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja na mwajiri. Hiyo ni kazi ya chama cha wafanyakazi: TUICO kwa viwanda na maduka, CHODAWU kwa hoteli na kazi za majumbani. Mwanachama anajaza fomu TUF 6 ili ada ikatwe, na mwajiri anatakiwa kuiwasilisha chamani ndani ya siku saba baada ya mwisho wa mwezi. Lakini kuingia tu haitoshi. Wanachama 10 hadi 20 wana haki ya wawakilishi watatu, 21 hadi 100 wana kumi, zaidi ya 100 wana 15, na kwenye hao 15 wasiopungua watano wanapaswa kuwakilisha wanawake. Tumeona matawi yenye wanawake wengi ambako nafasi hizo tano zimejazwa kwa majina ya waliohama kazi. Uchaguzi ukiitishwa saa 11 jioni, mama wa Gongo la Mboto anawaza daladala na mtoto, hapigi kura. Kikundi kidai uchaguzi ufanyike saa ya chakula, na kipeleke majina yake matano mapema. Chama kinachowapuuza kikumbushwe kwamba ada inatoka kwao.

Na tafadhali, wasiweke zana chini ghafla, hata kama msimamizi ametukana. Mgomo halali unatanguliwa na usuluhishi, kura na notisi ya saa 48. Ule wa ghafla humpa mwajiri sababu ya kufukuza safu nzima ya meza, na kikundi kinakufa siku hiyo.

Sokoni, ambako mwajiri hayupo, daftari linafanya kazi kwa namna nyingine. Kampeni ya "Mpe riziki si matusi" katika masoko ya Dar ilionyesha kwamba wafanyabiashara wanaweza kuweka kanuni zao za adhabu kwa anayemtukana au kumshika mwanamke. Mama lishe na wauza samaki Feri wana michezo mikubwa kuliko ya viwandani. Waandike vilevile: tarehe, saa, kizimba, maneno.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Chapisha kwenye kisanduku kimoja tarakimu hizi: miezi mitatu ya taarifa ya uzazi, siku 84 na 100, saa mbili za kunyonyesha, siku 30 na siku 60 za CMA, wawakilishi watano, 113. Iwe ukubwa wa kukatwa kwa mkasi na kubandikwa ndani ya jalada la kaunta buku.

Wasaidizi wa kisheria wa kujitolea,
Manzese, Dar es Salaam